Siku Tuliyowafukuza Pomboo

Tulikuwa saba asubuhi ile. Alikuwepo bibi, mama yake baba yetu, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na ameipa bahari mgongo. Alikuwepo mjomba, ndugu wa mama, aliyetupeleka kwa pikapu ya tajiri wake. Alikuwepo mama mwenyeji wetu, anachoma mihogo. Walikuwepo wadogo zangu watatu: wa kiume anayenifuata, dada yetu mmoja, na kitinda mimba, ambaye mama alifariki kwa kumzaa. Wa saba ni mimi, kaka yao, mwenye miaka kumi na saba, na minne kati ya hiyo nimeitwa mwenye nyumba.

Nawataja wote kwa sababu mwezi uliopita kitinda mimba, ambaye sasa ni mtu mzima na kazi yake ipo Tanga, alinitumia video kwenye simu. Maji, jua, halafu migongo mitatu myeusi inainuka na kuzama. Chini yake ameandika: "Kaka, hawa hapa. Safari hii usipige kelele." Niliiangalia nimesimama katikati ya kunde zangu huku Kwedizinga, sikuweza kukaa. Nikazunguka nyumba, nikaangalia tena. Nikaongeza sauti mpaka mwisho na kuiweka simu sikioni, nisikie kama wanahema. Ukiniona ungesema nimerukwa na akili. Ngoja nikueleze, uone kama nina haki.

Baba alikuwa mkata mkonge kule Mazinde. Alilala kwenye nyumba za shamba, na kila mwisho wa mwezi alirudi nyumbani na mikono iliyochanika, harufu ya katani mbichi ikimtangulia mlangoni. Mwaka mmoja walimpandisha lori kusaidia kushusha mzigo pwani. Aliporudi alitukuta barazani tunakula makande na majirani, na kabla hajanawa mikono akaanza: ameona samaki wakubwa kama ndama, wanaruka juu ya maji, na wanahema. Wanatoka juu, wanashusha pumzi, pfuu, kama ng'ombe aliyepandisha mlima.

Bibi aliweka kijiko chini. "Samaki anahema?"

"Anahema, mama. Nimemsikia kwa masikio haya."

"Muongo."

Alilisema bila ubaya, kama mtu anavyofukuza nzi. Lakini alilisema mbele za watu, na shangazi yetu, mdogo wake baba, alicheka mpaka makande yakampalia akapigwa mgongoni. Kijiji chetu hakisahau kitu kama hicho. Toka siku ile baba akisema mvua itachelewa, mtu anamjibu, "Hiyo nayo inahema?" Akisema ameona duma njia ya Chanika, "Alihema?" Hata sisi watoto tulifuatwa shuleni na pfuu, pfuu. Baba alikuwa mtu wa kucheka, naye alicheka. Lakini alipunguza kusimulia. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kuliona hilo: zamani akirudi kutoka Mazinde aliongea mpaka chai inapoa, sasa anakunywa ikiwa ya moto na kuulizia shamba. Siku moja tu, akiwa anafunga mzigo wa kurudi kazini, alimwambia bibi, "Mama, nitakupeleka ukawaone kwa macho yako. Hiyo ni ahadi." Bibi akasema, "Nipeleke."

Hakumpeleka. Aliugua wiki tatu, tukamzika.

Kwetu, kabla ya kuzika, hutangazwa madeni ya marehemu. Shehe aliniinamia akaninong'oneza maneno, nami nikayasema mbele ya wanaume wote, sauti inakatika: kama kuna mtu anamdai baba, asinyamaze, deni hilo nimelibeba mimi. Nilikuwa darasa la sita. Tulipotoka makaburini bibi alinikuta mlangoni, macho makavu, jicho moja limeshaanza ukungu wa mtoto wa jicho.

"Mmetangaza madeni?"

"Tumetangaza, bibi."

"Mmewatangazia wanaume huko. Sisi tuliobaki nyumbani nani alituuliza?" Akanishika mkono. "Mimi namdai. Aliniahidi kunipeleka nikaone samaki wanaohema. Na yeye ananidai mimi, maana nilimwita muongo. La kwanza likilipwa nitalipa la pili. Nitasimama palepale barazani nilipolisema neno lile, nilifute mbele ya walewale waliosikia."

Nilimwambia alifute tu sasa hivi, baba amelala. Akanikatalia. "Kumfutia kwa huruma ni kumwita muongo mara ya pili. Mpaka nione."

Basi hilo ndilo nililorithi, pamoja na wadogo watatu na shamba la bondeni. Shule niliacha mwezi uleule. Sikulia kwa shule, sikupata nafasi. Mahindi yalikuwa yanaanza kubeba, na ukiwa na mahindi bondeni unagombana na nguruwe mwitu, na mchana ukipata nafuu kwa nguruwe unakuja kugombana na ngedere. Nilijenga dungu, kibanda cha kulindia juu ya miti minne, nikahamia huko. Wadogo zangu niliwafundisha kazi kama askari. Ukiona mgongo mweusi kwenye majani, huulizi, husubiri, hunitafuti. Unapiga ukelele. "Huyooo! Huyo huyo huyooo!" Mmoja anapiga debe, mwingine anakimbilia upande wa mto kuwakata njia, na dada yetu anatupa mawe kwa kombeo. Dada alikuwa hatari kwa kombeo. Alimpiga ngedere akiwa juu ya mbuyu, akaanguka na gunzi lake mdomoni. Kitinda mimba hakujua hata kuvaa suruali vizuri lakini ukelele aliujua. Bibi alisema hizo ndizo sala tunazozijua bila makosa. Kwa miaka minne hatukukosa chakula ndani, na kwa miaka minne sikumbuki kulala usingizi wa kuota.

Na kila jioni, nikipita kuchukua chakula cha kwenda nacho dunguni, bibi ananiangalia kwa lile jicho moja. Kwetu bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume wake. "Mume wangu, umekonda. Deni linakula?"

"Litalipwa, bibi."

"Fanya haraka. Taa inapungua mafuta." Na anagusa jicho lake.

Hiyo ndiyo iliyokuwa inaninyima kutulia. Jicho la kwanza lilikuwa limekwisha kabisa, la pili lilikuwa linafuata. Aliona mtu akiwa karibu, aliona kuku akiwa uani. Aliyekuwa ng'ambo ya barabara alimjua kwa mwendo. Hospitali walimwambia anaweza kupasuliwa, akasema kisu hakimgusi jicho akiwa hai, na bibi yangu akisema neno huwa amelijenga kwa matofali ya kuchoma.

Mwaka wa nne, baada ya Idi, tajiri wa mjomba pale Korogwe alimpa mapumziko ya siku nne na akamwachia pikapu atembee nayo. Mjomba alikuja nayo mpaka Kwedizinga anapiga honi toka kwa mbali. "Jamani, nimekuja kuwatembeza kama wazungu!" Hatukuwahi kwenda mahali kwa ajili ya kwenda tu. Dada alifua nguo zote, hata zilizo safi. Bibi alipika makande ya kujaza ndoo, akachemsha viazi vitamu, akafunga chumvi kwenye ncha ya kanga kana kwamba pwani hakuna chumvi.

Mimi nilikuwa nahangaika na shamba. Mahindi ya mavuno ya kwanza yalikuwa ghalani, lakini ya bondeni yalikuwa mabichi, yananukia. Nilimwomba jirani alinde, akakubali, nikamwonesha njia zote za nguruwe, akasema anazijua, nikamwonesha tena. "Nenda bwana," akaniambia. "Au unataka nikulindie na wewe?"

Tulitembea kweli. Tulipita Chanika tukanywa soda dukani kwa yule mama wa Kihindi aliyezoea kutukopesha chumvi, tukafika Korogwe tukashangaa daraja na mto ulivyojaa matope, tukaenda mpaka Mazinde kulala kwa shangazi, aliyeolewa hukohuko. Asubuhi alituonesha chumba alicholala baba. Kulikuwa na familia nyingine, mtoto mchanga analia, mkonge umenyooka mistari mpaka miguuni mwa milima. Tulimwita shangazi twende naye pwani. Akasema ana kuku wanaatamia. Tukarudi Korogwe, tukashika njia ya Muheza tukila machungwa na kutupa maganda nje, wadogo zangu wanaimba nyuma ya pikapu, na mimi nahesabu: wako watatu, bado watatu, wameketi, yule asisimame. Moyo wangu ulikuwa bondeni. Kila nikifumba macho naona mahindi yanatikisika.

Tulifika Pangani jioni. Mama mwenyeji alikuwa mke wa dereva mwenzake mjomba, nyumba yake imetazama ufukwe kaskazini mwa mji. Alituambia pomboo wapo, huja asubuhi wakifuata dagaa, siku nyingine karibu kabisa, mpaka unaweza kuwahesabu meno. Bibi aliuliza, "Wanahema?"

"Eee, wanahema kama mimi na wewe."

Nilimwona bibi anakaza kanga kiunoni.

Sasa bahari yenyewe ikamshinda. Alipoiangalia mara ya kwanza alishika ukuta. Alisema kitu kile kinatembea na hakifiki, na kichwa chake hakiwezi kutazama safari isiyofika. Siku nzima iliyofuata aliketi pale mchangani juu ya ndoo, mgongo baharini, uso kwenye minazi, anatuagiza: "Wakija niambieni, nitageuka. Waje karibu lakini. Wakiwa mbali mimi sina jicho la mbali." Siku ile hawakuja. Nilikaa natazama maji mpaka macho yakawasha. Kesho yake mchana ilikuwa lazima turudi, tajiri alitaka gari lake.

Asubuhi ya mwisho nilikuwa pale kabla jua halijatoka. Mjomba alipasha gari, mama mwenyeji alikuwa na jiko lake la mkaa na mihogo, harufu ya pilipili na ndimu. Bibi juu ya ndoo. Jua likatoka mbele yangu, kali, maji yote yakawa bati jipya. Nilikuwa sijalala usiku wa tatu mfululizo. Si kwa ajili ya bahari tu, nilikuwa nimezoea hivyo. Nakumbuka joto la jua kwenye kope. Nakumbuka sauti ya mawimbi ikigeuka kuwa upepo kwenye mahindi. Halafu karibu kabisa, umbali ambao mtu angeweza kurusha chungwa, mgongo mweusi ukainuka, ukazama. Mwingine nyuma yake. Na mwingine. Wamejipanga, pua mbele, wanaingia shambani.

"Huyooo!" Ilitoka kabla yangu. "Huyo huyo huyooo!"

Wadogo zangu walikuwa wanakula. Hawakuuliza, hawakusubiri. Niliwafundisha hivyo. Wa kiume alinyakua sufuria ya makande akaipiga kwa mwiko mpaka makande yakaruka. Kitinda mimba alipiga ukelele wake mwembamba unaopasua masikio na kukimbilia upande wa kulia kuwakata njia, maji mpaka magotini. Dada alikuwa na kombeo lake shingoni, sijui kwa nini alilibeba mpaka pwani. Jiwe la kwanza lilipasua maji mbele ya yule wa mbele, la pili nyuma yake. Na mimi mbele yao wote, maji kiunoni, napiga makofi na kupayuka. Wale viumbe waligeuka mara moja, kama kundi la ndege linavyogeuka, wakaelekea kwenye jua. Mmoja aliruka. Nilimwona tumbo lake jeupe. Ndipo nikajua nipo wapi.

Nyuma yangu mama mwenyeji alikuwa ameshika kiuno. "Nyie watu wa bara! Pomboo mnamfukuza? Amekula mahindi ya nani?" Halafu akacheka mpaka akakaa chini mchangani, na mjomba akacheka akiegemea boneti, anafuta machozi. "Wazigua bwana! Wataamia mpaka bahari kama shamba!"

Niligeuka kumtazama bibi. Alikuwa ameshasimama na kugeuka, kiganja juu ya jicho, analivuta lile jicho lililobaki mpaka uso mzima umejikunja. Alichokiona ni wajukuu zake wanne ndani ya maji, sufuria, na mawe.

"Wako wapi?"

Kitinda mimba akaanza kulia.

Tulisubiri mpaka mjomba akasema, kwa upole, kwamba sasa basi. Nilitembea ufukwe ule kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Bibi hakugeuza tena mgongo. Alikaza macho kwenye maji hata kichwa kilipomzunguka, akatapika pembeni, akarudi kutazama. Hawakuja.

Ndani ya gari nilikaa mbele, kati ya bibi na mjomba. Tulikuwa tumeshapita Muheza ndipo aliponena. "Mume wangu. Kabla hujapiga kelele, nilisikia kitu nyuma yangu kinashusha pumzi. Nikadhani ni wewe umechoka."

Nikamgeukia. "Ndio wao, bibi! Umewasikia! Basi baba..."

"Mdomo wangu ulisema samaki hahemi. Nikisimama barazani niseme nini? Kwamba nilisikia pumzi na nilikuwa nimempa mgongo? Watasema bibi kasikia gari." Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu. "Deni liko palepale. Lakini umepiga kelele nzuri. Hata baba yako angekimbia."

Bondeni tulikuta jirani amelinda vizuri. Hakuna hata gunzi moja lililoguswa. Nilikaa chini kwenye mistari ya mahindi, hapo ndipo nilipolia.

Nilikusudia tuende mwaka uliofuata. Mwaka uliofuata mvua ilikataa. Uliofuata dada alifaulu kwenda sekondari na pikapu ya tajiri iliuzwa. Halafu taa ya bibi ikaisha mafuta yote. Alinikuta mlangoni asubuhi moja akanipapasa uso, akasema, "Nani huyu, mume wangu au jirani?" kwa utani, ili nisione alivyoogopa. Hata hapo hakulifuta lile neno. Wageni wakija, nilimsikia anasimulia habari za baba, anasema wema wake wote, kisha anasimama kidogo kama mtu aliyefika kwenye kijito, halafu anaruka habari ya pomboo. Alikufa hivyo. Makaburini nilisema tena yale maneno, sauti haikukatika safari hii, na shehe akaongeza yale ya upande wa pili: na anayedaiwa na marehemu naye ajue warithi wake. Wanaume walisubiri. Niliinua mkono wangu mwenyewe. Wakadhani nafukuza nzi.

Leo bondeni hakuna dungu. Nguruwe wamepungua, upande wa mto umelimwa wote, na watoto wangu wakilinda kuku wanalinda kwa simu mkononi. Juzi niliwaambia wapige ukelele wa zamani nisikie, waliona aibu. Wadogo zangu wametawanyika, wana kazi zao, na sote wanne tukikutana kwenye msiba au harusi tunacheka ile asubuhi mpaka wenzetu wanatushangaa. Wao wanacheka na inaisha. Mimi ndiye niliyelibeba deni.

Mrithi wa bibi aliyebaki ni shangazi, kule Mazinde. Nilimwendea kumwomba asamehe, akasema deni si lake kulisamehe, yeye amelirithi tu. Nikasema basi twende nikuoneshe, akasema miguu, akasema mvua, akasema kuku. Baada ya ile video ya kitinda mimba nilipanda basi kesho yake mpaka Korogwe, nikaunga mpaka Mazinde, nikamkuta anachambua mboga. Nikamsogezea simu. Alifumba macho kabisa, akaisukuma kwa kiwiko.

"Unanilipa picha? Mtu akidai ng'ombe hupewa picha ya ng'ombe?"

"Shangazi, ni wao hasa. Sikiliza tu."

"Ondoa." Aliendelea kuchambua, majani mazima anayatupa, mabovu anayaweka kwenye sufuria. "Mama alisema neno moja tu. Mimi nilicheka. Kijiji kizima kilijifunza kucheka kwangu. Nikiwaona hao samaki, halafu? Nitakwenda kumwambia nani kwamba nilikosea?"

Nilimwambia baraza bado ipo, na katika walewale waliosikia wamebaki wawili, jirani na mkewe. Aliponiwekea chakula akasema, "Mahindi yakikauka, uje unichukue. Na ukifika huko wewe ubaki ndani ya gari, vioo juu."

Yamekauka. Gari nimeshaomba kwa mtu wa Chanika. Leo tangu asubuhi nimempigia shangazi mara tatu, simu inaita mpaka inakata yenyewe.